Diski Iliyolazwa Kwenye Kunde

Jumapili, 12 Oktoba

Munyao, ndugu wa mume wangu, amenisimamisha leo nje ya kanisa, watu wakiwa bado wanasalimiana, akaniambia kwa sauti ya upole kabisa kwamba kabla ya Krismasi wazee wa ukoo watakaa kugawa shamba la marehemu baba yake.

"Nimeona nikuambie mapema ndio ujipange," akasema.

Nikamwuliza nijipange vipi, maana nyumba yangu iko pale, na kaburi la mume wangu liko pale. Akatazama viatu vyake.

"Mama Mutindi, si unajua sisi hatukukutolea ntheo. Wazee wakiniuliza siwezi danganya."

Hawezi kudanganya! Huyu Munyao ndiye aliyeshika kamba ya wale mbuzi wa ntheo mpaka kwa baba yangu kule Tulia. Mmoja alimponyoka karibu na soko, akamkimbiza na koti lake la kuazima, watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Tulimla mbuzi wa ntheo mbele yake, na yeye alikula mguu mzima. Leo ananitazama usoni na kusema mimi ni mwanamke aliyekuja tu. Kwetu, mbuzi hao wasipofika kwa baba yako, wewe si mke wa mtu, hata kama umezaa, hata kama umemzika mume. Ni mgeni aliyekaa muda mrefu, na mgeni huambiwa aende kwao.

Mama mkwe wangu alikuwa kando yetu, ameshika Biblia yake kifuani. Nikamwambia, "Mwaitu," maana ndivyo tunavyomwita mama kwetu, "si ulikuwa Tulia siku hiyo?" Akasema kichwa chake siku hizi hakishiki mambo. Kichwa hicho hicho kilikariri zaburi nzima ibadani.

Nimejaribu kufikiria nani mwingine alikuwapo. Baba yangu amekufa. Mzee aliyetumwa kutoka upande wao amekufa. Musyoka wangu tulimzika Agosti. Ndugu yangu yuko Qatar, na hata angekuwa hapa, wazee husema ushuhuda wa nyumbani kwa msichana hautoshi. Wamebaki Munyao na mama yake, basi.

Lakini kuna video. Musyoka alikuwa mpiga video wa harusi wa Kasikeu nzima, na ntheo yake mwenyewe hangeiacha ipite. Alisimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu, akawa bwana harusi na mpiga picha kwa wakati mmoja. Video hiyo iko kwenye kompyuta ya studio. Nimejiambia hivyo njia nzima nikirudi nyumbani, na tena nilipowasha jiko.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimeliona faili. Limeandikwa "Tulia ntheo". Sikulifungua, sauti yake imo. Nitalifungua siku nitakayokuwa na nguvu.

Ijumaa, 17 Oktoba

Tumepanda. Mahindi kidogo, pojo, kunde. Mawingu yamekuja na kuondoka.

Jumanne, 21 Oktoba

Mungu wangu.

Mvua ya kwanza imekuja na radi mchana huu nikiwa natoa fotokopi ya kitambulisho cha mtu. Radi moja ilipiga kama iko ndani ya chumba. Taa ziliwaka kwa nguvu, zikazima, na kompyuta ikatoa harufu ya mpira unaoungua. Stima iliporudi niliiwasha. Kioo kikabaki cheusi, na ndani ya sanduku kukawa na mlio: tik, tik, tik. Nikaizima, nikaiwasha tena. Tik, tik, tik. Yule mteja alikuwa bado amesimama anangoja kitambulisho chake. Nilimfukuza, nikafunga mlango, nikakaa sakafuni.

Faili lilikuwa mbele yangu wiki nzima. Kulinakili kwenye flashi ni kazi ya dakika chache. Nilikuwa naogopa sauti ya mume wangu, na sasa nimeipata hofu yenyewe.

Jumatano, 22 Oktoba

Nimempigia Filsan. Huyu ana duka la kutengeneza kompyuta Kwa Vonza, karibu na chuo kikuu, na Musyoka hakuwahi kupeleka kamera wala mashine yake kwa mtu mwingine. Nikamwekea simu karibu na sanduku asikie ule mlio.

"Zima! Zima kabisa, mama Mutindi," akapiga kelele. "Hiyo ni hard disk inajikwaruza. Kila ukiwasha unaimaliza. Backup iko?"

Nikakumbuka. Baada ya wezi kuvunja studio miaka ile, Musyoka alinunua diski ndogo ya nje, nyeusi, inayotosha mfukoni. Kila Jumapili baada ya kanisa alikuwa ananakili kompyuta nzima humo, halafu anaipeleka kwa mama yake. Alisema mwizi akija studio hataipata, na mwizi akija kwa mama yake atapigwa kwa mwiko. Jumapili ya mwisho kabla ya ile ajali iliyomwua pale Salama aliipeleka kama kawaida.

"Basi si iko!" Filsan akasema. "Lete hiyo diski, tutarudisha kila kitu."

Nimelala kidogo leo.

Jumamosi, 25 Oktoba

Nimemwuliza Mwaitu. Alikuwa anapepeta maharagwe mlangoni pake, na hakuinua kichwa.

"Diski gani?"

Nikamweleza kwamba kompyuta imeungua, nataka ile diski. Nyeusi, ndogo, ile Musyoka alikuwa akikuletea.

"Sina kitu kama hicho. Huyo mtoto wangu alikuwa analeta sukari."

Munyao alikuwa ndani, nilimsikia akikohoa. Nimerudi mikono mitupu. Ikiwa Munyao ameipata, ameshaitupa chooni.

Jumatatu, 27 Oktoba

Mvua. Paa la jikoni linavuja. Sikula.

Alhamisi, 30 Oktoba

Munyao amekuja studio. Hajawahi kuja tangu mazishi. Akasimama mlangoni na mwavuli wake, akaangalia mahali kompyuta ilipokuwa.

"Nasikia mashine ilichomeka. Pole sana."

Sijamwambia mtu. Mbali na yule mteja mpita njia, aliyejua ni Filsan, na Mwaitu niliyemwuliza habari za diski. Basi ni yeye. Nilimwona huyu mama kama mzazi wangu kwa miaka minane. Binti yangu wa pekee ana jina lake. Nilimwosha miguu alipokuwa mgonjwa. Leo ninamwogopa kuliko Munyao, kwa sababu Munyao angalau anakuja mbele na mwavuli wake nikamwona.

Nikamwambia Munyao, kwa ujasiri nisiokuwa nao, kwamba hata jina la Mutindi ni ushahidi. Mtoto hapewi jina la nyanya yake bila ndoa.

"Jina?" akacheka. "Hata ng'ombe tunawapa majina."

Alipoondoka nilifunga mlango kwa komeo, mchana kweupe.

Jumatano, 5 Novemba

Nimempelekea Filsan ile diski iliyoungua ajaribu bahati. Ameifungua, akanionyesha ndani kwa tochi. Sahani yake ina mstari wa mviringo kama alama ya kijiko kwenye sufuria. "Hii imekufa," akasema. Hakunifariji, na nilimshukuru kwa hilo.

Ijumaa, 7 Novemba

Munyao amepigilia vigingi shambani. Kimoja kiko hatua chache kutoka kaburini. Mutindi amekining'inizia kofia yake, akafikiri ni mchezo wa baba mkubwa. Nimeiondoa kofia, kigingi nimekiacha. Naogopa kukigusa.

Jumapili, 9 Novemba

Ninaandika hili pole pole nisije nikakosea kitu.

Baada ya kanisa nilikuwa jikoni. Mwaitu akaja na ndoo ya kunde kichwani, ya zile alizohifadhi kutoka mwaka jana. Haji kwangu siku hizi. Akaitua, akasema kwa sauti kubwa, "Nimekuletea kunde!" kama anamwambia mtu aliye barabarani. Kisha akatazama nje, akafunga mlango, akaniambia, "Weka mkono."

Nikaweka mkono kwenye kunde. Chini kabisa nilishika kitu kigumu ndani ya kitambaa. Diski.

Nilitaka kupiga kelele, akanifunga mdomo kwa kiganja chake. Kilikuwa na harufu ya unga mweupe, ile dawa ya fukusi.

"Nilikuwa nayo," akasema. "Munyao aliitafuta baada ya mazishi, nikamwambia sina. Ulipokuja kuuliza alikuwa ndani. Ningesema nini?"

"Na habari za kompyuta ulimwambia?"

"Alisikia ukiniuliza. Ana masikio."

Nimekaa siku hizi zote nikimchukia huyu mama. Nikamkalisha, nikampa chai. Halafu kwa ujinga wangu nikafikiri mlango sasa uko wazi, nikamwambia, basi Mwaitu, wazee wakikaa utasema? Video ikikosa, utasema ulikuwapo?

Akaweka kikombe chini.

"Hilo usiniulize."

"Lakini ulikuwa."

"Kanyiva, nilizaa wawili. Mmoja uko naye hapo nje, chini ya udongo. Amebaki huyu. Nikimwaibisha mbele ya wazee, siku yangu ikifika nani atanizika? Utanitupia mchanga wewe? Wewe ni mtoto, utaolewa, utaenda."

Alipokuwa anainuka akashika kile kitambaa kwa dakika nzima kabla hajakiachilia.

"Ukimaliza unirudishie. Aliniambia, Mwaitu, humu mna mimi wote, nitunzie. Mimi nimetunza."

Jumanne, 11 Novemba

Kwa Vonza. Filsan amefungua kitambaa, akatazama diski, akaipuliza. Wingu jeupe likapanda, akakohoa.

"Hii ni nini? Wamefanya nini hii?"

Nikaelewa pale pale, nikataka kuzama. Kwetu kitu cha kutunzwa mwaka mzima, kiwe mahindi, kiwe mbegu, kinatiwa dawa ili wadudu wasikile. Mwaitu aliambiwa atunze. Ametunza. Aliilaza diski kwenye debe la kunde na kuinyunyizia dawa kama mbegu, na kila mwezi, nina hakika, aliigeuza na kuinyunyizia tena.

Filsan alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akaangalia tundu la waya, na kitundu kingine kidogo ambapo diski inapumulia, akaacha kucheka.

"Kama hiyo powder imeingia ndani kwa sahani, tukiwasha tu inakwaruza. Kama ile ingine."

"Na isipoingia?"

"Hatuwezi jua bila kuwasha."

Hataiwasha leo. Ataisafisha kwanza kwa brashi na hewa, aiweke mahali pakavu. Akanieleza jambo jingine la kunitia hofu zaidi. Musyoka hakunakili faili moja moja. Programu yake ilikuwa inaifunga kompyuta yote kuwa furushi moja kubwa. Furushi hilo likiwa zima, unalifungulia kwenye diski mpya na kompyuta inarudi jinsi ilivyokuwa siku hiyo. Likitoboka mahali pabaya, halifunguki hata kidogo.

"Sasa Filsan, nifanye nini?"

"Omba. Wewe kwako, mimi kwangu."

Ijumaa, 14 Novemba

Ameiwasha. Inazunguka! Hakuna tik tik. Amenipigia simu nikiwa napalilia na nikapiga nduru mpaka jirani akaja akidhani ni nyoka.

Jumamosi, 15 Novemba

Inazunguka lakini inasoma kwa shida. Kila sehemu ngumu inakwama, inarudia, inaendelea. Filsan hajaanza kurudisha chochote. Anataka kwanza kulihamisha furushi zima kwenye diski yenye afya, maana hii ya Mwaitu anaiona kama mzee aliyebeba mzigo kwenye tope. Akianguka, mzigo umekwenda naye.

Jumatatu, 17 Novemba

Stima imekatika Kwa Vonza tangu jana, nguzo zimeangushwa na maji. Filsan anasema diski imezimwa salama. Sauti yake lakini si ile ya siku zote.

Tarehe ya kikao cha wazee imetoka pia. Jumamosi ya tarehe 29, nyumbani kwa Mwaitu. Munyao ametuma mtu aniambie. Hakuja mwenyewe.

Jumanne, 18 Novemba

Bado giza Kwa Vonza.

Jumatano, 19 Novemba

Bado. Nimekuwa nikiota kwamba nimerudi Tulia na mtu mwingine anaishi kwa baba, ananiuliza nataka nini. Kwa kweli ni hivyo. Nyumba ya baba iliuzwa. Nikitolewa hapa sina mahali pa kumpeleka mtoto, na nani atapalilia kaburi? Munyao atalima mpaka juu yake. Anapenda sana kulima.

Jumamosi, 22 Novemba

Stima imerudi, kazi inaendelea. Filsan ameacha feni inapepea ile diski saa zote, na mwenyewe anakaa pale mchana kutwa. Dada wa watu ana wateja wengine. Nilipomwambia hivyo akanikemea.

"Musyoka alinipigia video ya nikah yangu. Usiniudhi."

Jumatatu, 24 Novemba

Furushi limehama. Kuna sehemu chache zilizokataa kusomeka. Ziko wapi ndani ya furushi, hajui. Kesho anaanza kurudisha. Mwaitu alinipita kisimani leo, akauliza kwa macho tu. Nikatikisa kichwa: bado. Akachota maji akaenda.

Jumatano, 26 Novemba

Niko Kwa Vonza, naandika dukani kwa Filsan nikingoja gari la kurudi.

Nilikuwa nimekaa kando yake programu ilipomaliza. Kioo kikawa cheusi. Nilishika mkono wake, na yeye Filsan, ambaye hudai haogopi kitu, alikuwa anasoma dua chini chini. Halafu kikawaka.

Kompyuta inadhani ni Agosti. Picha ya Mutindi bila meno ya mbele. Harusi ya watu wa Sultan Hamud ambayo Musyoka hakuimaliza, imesimama katikati, bibi harusi ameinua keki. Na pembeni kikaratasi cha njano cha kwenye kioo: "Jumatano mpeleke Mutindi kwa meno." Jumatano hiyo tulikuwa mochari. Nililia hapo kwa sauti, wanafunzi waliokuja kuchapisha kazi zao wakatoka nje pole pole.

Faili la Tulia liko. Limefunguka. Nimemwona baba yangu akiwa hai, na kofia yake. Nimemwona Munyao akija na mbuzi, na mbuzi akimponyoka. Nimemwona Mwaitu katika lesso mpya. Na nyuma ya kamera, karibu kama anayeongea sikioni, sauti ya Musyoka: "Mwaitu, angalia huku. Mwaitu!" Naye anageuka, anajificha uso kwa aibu, anacheka.

Halafu picha inavunjika vipande vya kijani na kusimama. Filsan amejaribu kila njia. Kuchinja hakupo. Kula nyama hakupo. Ukitaka kujua ntheo ni ntheo, unaangalia nyama ikiliwa na pande mbili, na hapo hasa ndipo dawa ya fukusi ilipopita.

"Lakini mbuzi wanaonekana," Filsan akasema.

"Mbuzi wanaonekana hata sokoni," nikamjibu, nikajuta, maana amenifanyia kazi kama ndugu.

Ameniazima laptop yake. Video iko humo, kwenye flashi mbili, na kwenye simu yangu. Sasa nimejifunza.

Jumamosi, 29 Novemba

Mvua ilianza wazee walipokuwa wakiketi. Tulikuwa sebuleni kwa Mwaitu, magoti yakigusana. Mzee Kitonga ndiye mwenyekiti, na kando yake wazee wengine wa ukoo. Munyao alikaa karibu na mlango. Mwaitu alikaa kwenye kiti kidogo karibu na ukuta, na Mutindi mapajani pake.

Munyao akasema yake. Alisema vizuri, kwa huzuni, kwamba alimpenda ndugu yake na anampenda mtoto, lakini ntheo haikuwahi kufika Tulia, na shamba la ukoo haliwezi kupewa mtu wa nje. Mzee Kitonga akamwuliza Mwaitu kama anakumbuka ntheo. Mwaitu akasema, akitazama nywele za mtoto, kwamba kichwa chake hakishiki mambo. Nilijua atasema hivyo, na bado maneno yale yalinichoma.

Nikaomba kuonyesha video. Nikaifungua laptop kwenye meza, wazee wakasogea. Mvua ikapiga mabati kwa nguvu kiasi kwamba hakuna kilichosikika. Midomo ya baba yangu inasogea tu. Nikaisimamisha.

"Tungoje ipungue," akasema mzee Kitonga.

Basi tukangoja, tunasikiliza paa. Sijawahi kuogopa kama wakati ule. Munyao alikuwa anang'oa uzi mmoja kwenye mkono wa sweta yake, anauzungusha kidoleni, anang'oa mwingine. Nikaona kwamba hata yeye anaogopa, na hilo halikunisaidia.

Mvua ikapungua. Nikaanza upya. Mbuzi akaponyoka, mzee mmoja akacheka kabla hajajizuia, akasema, "Munyao, ni wewe huyo unakimbia hivyo?" Moyo wangu ukapanda. Sauti ya Musyoka ikajaa chumba: "Mwaitu, angalia huku. Mwaitu!" Kisha vile vipande vya kijani, na picha ikasimama.

Munyao hakuwa amekaa bure wiki zote hizi. Akainuka.

"Wazee, mko na simu. Mnajua vile siku hizi kuna AI. Mtu anachukua sura yako, sauti yako, anakuweka mahali hujawahi fika. Huyu mama anakaa na kompyuta kila siku, na rafiki yake wa Kwa Vonza ni fundi. Angalieni hata mwisho, picha imeharibika. Hiyo ni kazi haijaisha."

Nilisimama nikamwita mwongo. Mzee Kitonga akaniinulia mkono nikae.

"Pole pole, mama. Anachosema si upuzi. Mjukuu wangu alinionyesha mimi huyu nikicheza dansi na kofia ya manyoya. Sijacheza dansi tangu niokoke."

Wengine wakacheka, na kicheko kile ndicho kilinimaliza. Nikaona jinsi mambo yatakavyokwenda. Nikaona Filsan na feni yake, na siku zote zile, na kwamba hakuna diski duniani itakayonisaidia kwa watu hawa. Mzee Kitonga akasema kwa huruma kabisa, "Mama Mutindi, hii haionyeshi nyama. Tunataka mtu wa upande huu aseme, mimi nilikula hiyo nyama. Kama hayuko, mikono yetu imefungwa."

Nikanyoosha mkono kuifunga laptop.

"Rudisha," akasema Mwaitu.

Hakuna aliyemwelewa. Akamshusha mtoto chini, akaja mpaka mezani, akainama karibu na kioo.

"Rudisha pale ananiita."

Nikarudisha. "Mwaitu, angalia huku. Mwaitu!"

"Ii, mwana wakwa," akamjibu.

Alimwitikia, naam mwanangu, kama mtu aliyeitwa kutoka chumba cha pili. Mzee Kitonga alivua kofia yake. Mwaitu akabaki ameinama hapo mpaka vile vipande vya kijani vikaja, kisha akajinyoosha, akiwa ameshika meza, akawageukia wazee wala si Munyao.

"Hakuna mashine imetengeneza hiyo. Huyo ni mtoto wangu ananiita kwa boma ya kina Kanyiva, na mimi nilikuwa hapo. Mbuzi ilichinjwa. Mimi nilikula hiyo nyama." Akapumua. "Na Munyao alikula. Alikula mguu."

"Mwaitu," akasema Munyao. Hakuwa na sauti tena ya mtu mzima.

"Nimesema."

Munyao akasimama mlangoni. Nilifikiri atamwangukia, au atampiga. Alichukua mwavuli wake.

"Sawa. Basi huyo ndiye atakuzika."

Akaenda. Mvua ilikuwa imekwisha na hakuufungua ule mwavuli, aliuburura tu kwenye tope. Mwaitu akarudi kwenye kiti chake kidogo, akaweka mikono juu ya magoti, na mzee Kitonga aliposema kwamba ukoo umesikia, kwamba mimi ni mke wa nyumba hii na sehemu ya Musyoka ni ya mtoto wake, yeye hakuinua macho. Nilikuwa nimengoja maneno yale tangu Oktoba. Yalipokuja nilikuwa namtazama yeye.

Jumatatu, 1 Desemba

Vigingi vimeng'olewa. Si mimi niliyeving'oa.

Alhamisi, 4 Desemba

Munyao amepita njiani, mama yake akiwa anachuma mboga kando ya ua. Hakumsalimia. Mwaitu alibaki ameinama vile vile mpaka Munyao akapotea kabisa.

Jumapili, 7 Desemba

Mwaitu hakwenda kanisani. Baada ya ibada nilimfuata na Mutindi tukamkuta ameketi kitandani, mlango umefungwa kwa ndani. Anaogopa. Munyao hajamtisha kwa neno lolote, hana haja. Tumebeba godoro lake na debe lake la kunde tukavileta kwangu. Diski nimemrudishia kama alivyoniomba, ndani ya kitambaa chake. Nimemwomba tu asiitie dawa tena. Akaniuliza, "Na wadudu?"

Mimi pia naogopa. Wazee wamekwenda zao, na Munyao bado anaishi upande ule wa ua, na mvua itakwisha tutaonana kila siku. Lakini si ile hofu ya kuulizwa nataka nini hapa.

Alasiri Mwaitu alikuwa anamenya kunde mbichi pamoja nami. Bila kuniangalia akaniuliza:

"Mimi nikifa, utanizika?"

"Nitakuzika, Mwaitu. Kando ya Musyoka."

"Na ukiolewa?"

"Hata nikiolewa nitakuja."

Akamenya maganda kadhaa.

"Watu husahau," akasema. "Andika."

Nimeandika.